Sura ya Tano: Tusome Nini Baada ya Hiki?

Kila klabu ya usomaji hulifikia swali hili mwishoni mwa mkutano: tusome nini baada ya hiki? Klabu ya usomaji ni kundi la watu, aghalabu kati ya watano na kumi na watano, waliokubaliana kusoma kitabu kimoja kwa muda fulani kisha wakutane kukijadili. Swali lenyewe huachiwa dakika za mwisho, wengine wakiwa wameshainuka vitini, na jibu hutolewa na mwenye sauti kubwa au na yule aliyewahi kutaja jina la kitabu. Mkutano unaofuata nusu ya wanachama hawaonekani. Hawana ugomvi na mtu. Kitabu kiliwashinda, au hawakukipata kabisa, na wanaona haya kuja kukaa kimya kati ya waliosoma.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika usomaji wa pamoja, hata hivyo, kuchagua ni nusu ya kilimo chenyewe, na klabu iliyochagua vibaya mara tatu mfululizo ni nadra kufika mara ya nne. Sura hii inaeleza jinsi wanachama wanavyochagua na pale uchaguzi unapoharibika. Mifano yake mingi imewekwa Mudende, magharibi mwa Rwanda, kwa sababu matatizo makubwa ya uchaguzi wa kitabu yanakutana hapo kwa pamoja: lugha nyingi, nakala chache, kalenda ya shamba na kumbukumbu nzito.

Mudende na wasomaji wake

Mudende ni mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu. Sekta ni ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Kwa Kinyarwanda huitwa umurenge. Mahali hapa pako juu ya mji wa Gisenyi, upande wa volkano ya Karisimbi, ambako udongo mweusi hustawisha viazi mviringo na jioni huwa na baridi kali. Chini, Gisenyi imepakana na Goma ya Kongo. Watu huvuka mpaka huo kwa biashara, na lugha yao kubwa ya sokoni ni Kiswahili.

Mudende iliwahi kuwa kilima cha wasomi. Mwaka 1984 Waadventista walifungua hapo Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, kilichofundisha kwa Kifaransa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalifika hadi ndani ya chuo hicho, na chuo kilipofunguliwa upya mwaka 1996 kilifunguliwa Kigali. Wakimbizi Watutsi kutoka Kongo waliwekwa Mudende, na mwaka 1997 kambi yao ikashambuliwa mara mbili, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na mbili. Mamia waliuawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, kaskazini mwa nchi.

Haya yanahusu klabu ya usomaji moja kwa moja. Yanaeleza ni nani atakaa kwenye duara, amesoma kwa lugha gani, na ni kurasa zipi zinazoweza kumuumiza.

Lugha ndiyo mlango

Kosa la kwanza la klabu nyingi ni kuanza na jina la kitabu. Panapozungumzwa lugha moja tu kosa hilo halina madhara makubwa. Nchini Rwanda lina madhara.

Kinyarwanda ni lugha ya wote. Waliosoma sekondari zamani walifundishwa kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, kwa hiyo kijana na mzazi wake wanaweza kukaa nyumba moja na kila mmoja akawa na rafu ya vitabu ambayo mwenzake hawezi kuisoma kwa raha. Waliorudi kutoka Uganda walikuja na Kiingereza, waliorudi kutoka Tanzania walikuja na Kiswahili. Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Hata hivyo, mtu anayepatana bei kwa Kiswahili mpakani kila siku huenda hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa riwaya ya Kiswahili. Kuongea lugha na kusoma kitabu chake ni mambo mawili, na klabu isiyotofautisha hayo hujikuta imechagua kitabu kwa ajili ya wanachama watatu.

Njia iliyo bora ni kutafuta kwanza vitabu vilivyotafsiriwa. Kila mmoja husoma kwa lugha anayoimudu, na mazungumzo hufanyika kwa lugha ya wote. Vitabu vya namna hii ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ni hivi:

- *Petit pays* cha Gaël Faye, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2016. Kinapatikana kwa Kiingereza, na kwa Kinyarwanda kinaitwa *Gahugu Gato*.
- *Things Fall Apart* cha Chinua Achebe, cha mwaka 1958. Kwa Kifaransa ni *Le monde s'effondre*, na kwa Kiswahili ni *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute.
- *Animal Farm* cha George Orwell, ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kuwa *Shamba la Wanyama*. Kifaransa chake nacho kipo.
- *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota.

Klabu ya lugha nyingi inahitaji kanuni moja ndogo: kazi ipangwe kwa sura, isipangwe kwa kurasa. Ukurasa wa 80 wa Kifaransa sio ukurasa wa 80 wa Kinyarwanda, na aliyefika mbele ataharibu kisa kwa mwenzake bila kukusudia.

Wanaotaka kujaribu mtindo huu bila gharama wanaweza kuanza na hadithi fupi. Mwaka 2016 jarida la Jalada lilitoa mtandaoni, bila malipo, hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwanza kwa Kigikuyu kisha ikatafsiriwa katika makumi ya lugha, Kiswahili kikiwemo. Hadithi ya aina hiyo husomwa jioni moja. Klabu itajua mara moja kama wanachama wake wanaweza kujadili kisa kimoja walichokisoma kwa lugha tofauti, au kama wanapaswa kubaki na lugha moja.

*Kwa ufupi: kabla ya kuuliza kitabu gani, klabu iulize kila mwanachama anasoma lugha gani kwa raha. Jibu hupunguza orodha kwa haraka kuliko mjadala wowote.*

Nakala zihesabiwe kabla ya kura

Kitabu kinachopendwa na wote lakini kina nakala moja hakifai, na ni afadhali hilo lijulikane mapema. Kutoka Rubavu hadi Kigali ni takriban kilomita 150 za barabara ya milima. Huko kuna maduka ya vitabu na Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012. Vitabu vya Kifaransa huweza pia kutafutwa Goma. Vya Kiswahili hutoka mbali zaidi, Dar es Salaam au Nairobi, na hufika kwa mkono wa msafiri.

Kwa Kiswahili kuna njia moja ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni vitabu teule vya Kenya. Kitabu teule ni kazi ya fasihi inayochaguliwa na serikali ili itahiniwe shuleni kwa miaka kadhaa. Kinapokuwa kwenye mtihani huchapwa kwa wingi mno, na muda wake ukiisha nakala zake zilizotumika hujaa kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba kwa bei ndogo. *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora, kilichotahiniwa miaka ya 2010, ni mfano mzuri. Klabu inayohitaji nakala kumi za kitabu kimoja itazipata upesi kwa vitabu vya aina hii kuliko kwa riwaya iliyotoka juzi.

Nakala zikiwa chache, hesabu hubadilika. Wanachama kumi na mmoja wenye nakala nne wanapaswa kupokezana, watu watatu kwa nakala isipokuwa moja. Wakijipa wiki sita, kila mmoja anabaki na kitabu wiki mbili tu. Kitabu cha kurasa 200 kwa siku 14 ni kurasa kumi na nne au kumi na tano kwa siku. Hapo msomaji wa polepole ameshaachwa nyuma kabla ya kufungua jalada. Klabu ina njia mbili: ichague kitabu chembamba, au iongeze muda. Njia ya tatu, ya kunakili kitabu kizima kwenye mashine, humnyima mwandishi haki yake, na klabu inayopenda vitabu haipaswi kuizoea.

Unene wa kitabu na kalenda ya shamba

Kurasa 196 kwa wiki nne ni kurasa saba kwa siku. Kurasa 420 kwa muda huohuo ni kumi na tano. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtu anayetoka kupanda viazi jua linazama, kurasa saba ni kupumzika na kumi na tano ni kazi nyingine.

Kilimo cha Rwanda kina misimu miwili mikuu: ule unaoanza mwezi wa tisa na ule unaoanza kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Kipindi cha kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, ndicho chenye nafasi zaidi. Klabu ya Mudende yenye busara huweka riwaya nene hapo, na wakati wa kupanda au kuvuna huchukua hadithi fupi, tamthilia au diwani. Tamthilia zimesahauliwa na klabu nyingi bila sababu. Ni fupi, zinaweza kusomwa kwa sauti wanachama wakigawana wahusika, na asiyepata nakala anasikiliza.

Njia za kawaida za kuchagua

Zikichunguzwa kwa makini, klabu nyingi hutumia mojawapo ya njia nne.

Njia ya kwanza ni ya mchaguaji mmoja. Mfano mashuhuri zaidi duniani ni Oprah Winfrey, aliyeanza klabu yake kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1996 na kuwachagulia mamilioni ya watazamaji kitabu cha kusoma. Njia hii ni nyepesi, na pale penye mwalimu mwenye kusoma sana huzaa chaguo zuri. Udhaifu wake ni kwamba wanachama hubaki wanafunzi wake. Siku mwalimu akihamishwa, klabu huhama naye.

Njia ya pili ni zamu, na watu wa Rubavu wanaielewa bila kufundishwa kwa sababu inafanana na ikimina, yaani upatu, ambapo wanachama huchanga na kila mmoja hupokea kwa mpangilio. Katika klabu, kila mkutano mwanachama mmoja huchagua kitabu na wengine wanakubali, wakijua siku yao inakuja. Uzuri wa zamu ni kwamba mwanachama mkimya, ambaye kwenye mjadala angesema "chochote ni sawa", hulazimika kuonyesha anachokipenda, na mara nyingi ndiye anayeleta kitabu ambacho hakuna aliyekitarajia. Wanachama kumi na mmoja wakikutana kila wiki sita, zamu humrudia mtu baada ya mwaka mmoja na zaidi ya miezi mitatu. Ni muda mrefu, na aliyechagua vibaya hubeba lawama kwa muda huo wote. Kwa hiyo zamu ifungwe na masharti: mchaguaji alete vitabu viwili, ahakikishe nakala zinapatikana, kisha wenzake wamsaidie kuchukua kimoja.

Njia ya tatu ni mada. Klabu huamua kwamba kwa nusu mwaka itasoma kuhusu jambo moja, kama vile safari, ndoa, ardhi au utoto, na vitabu hutafutwa kulingana na hilo. Inafaa klabu iliyokomaa.

Njia ya nne ni kura, na hiyo inahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Kura inapompa ushindi asiyetakiwa

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Klabu ina wanachama kumi na mmoja na vitabu vitatu mezani: *Notre-Dame du Nil* cha Scholastique Mukasonga, ambacho nakala zilizopatikana ni za Kifaransa tu, *Shujaa Okonkwo* kwa Kiswahili, na *Gahugu Gato*, chenye nakala za Kinyarwanda na za Kifaransa. Kila mmoja anapiga kura moja. Mukasonga anapata tano, Okonkwo nne, *Gahugu Gato* mbili. Mukasonga ameshinda, watu wanapiga makofi na kuagana.

Lakini wanachama sita hawakumpigia kura, na wale wanne wa Okonkwo hawasomi Kifaransa kabisa. Klabu imechagua kitabu ambacho zaidi ya theluthi moja ya watu wake hawawezi kukifungua, na imefanya hivyo kwa utaratibu ambao kila mmoja anauona wa haki. Kura ya namna hii hupima nani anapenda nini zaidi. Haipimi nani yuko tayari kusoma nini, ilhali klabu inaishi kwa hilo la pili.

Mambo huwa mabaya zaidi watu wanaposhindanisha vitabu viwiliviwili. Mwaka 1785 Mfaransa Condorcet, mwanahisabati na mwanafalsafa, alionyesha kwamba kundi la watu wenye akili timamu linaweza kuzunguka bila kufika popote. Mwanachama wa kwanza anapendelea Mukasonga, kisha Okonkwo, kisha Faye. Wa pili anapendelea Okonkwo, kisha Faye, kisha Mukasonga. Wa tatu anaanza na Faye, kisha Mukasonga, kisha Okonkwo. Mukasonga akishindanishwa na Okonkwo anashinda kwa kura mbili kwa moja. Okonkwo anamshinda Faye kwa mbili kwa moja. Faye naye anamshinda Mukasonga kwa mbili kwa moja.

Hakuna aliyekosea, na hakuna kitabu kilicho bora kuliko vingine viwili. Mshindi anategemea ni wawili gani walioanza. Wakianza Mukasonga na Okonkwo, mwishoni anabaki Faye. Wakianza Okonkwo na Faye, anabaki Mukasonga. Wakianza Faye na Mukasonga, anabaki Okonkwo. Mwenyekiti anayepanga nani aanze ndiye anayechagua kitabu, hata kama mwenyewe hajui.

Tiba inayofaa zaidi kwa klabu ni kura ya kukubali. Katika kura hiyo kila mwanachama huweka alama kwenye kila kitabu ambacho yuko tayari kukisoma hadi mwisho, kimoja, viwili au vyote. Kinachopata alama nyingi ndicho husomwa. Kwa klabu ileile ya watu kumi na mmoja, matokeo yanaweza kuwa hivi: Mukasonga anapata alama sita, Okonkwo sita, *Gahugu Gato* kumi. Kitabu kilichokuwa cha mwisho kwenye kura ya kwanza sasa ndicho cha mbele, kwa sababu waliokitaka zaidi walikuwa wawili lakini wasiokikataa walikuwa karibu wote.

Kuna anayelalamika kwamba njia hii huchagua vitabu visivyomuudhi mtu. Lalamiko hilo lina uzito, na dawa yake ni kuchanganya: vitabu vitatu kwa kura ya kukubali, cha nne kwa zamu ya mtu mmoja. Hivyo klabu inabaki na watu wake na bado inapata mshtuko mara mojamoja.

*Kwa ufupi: kura moja kwa kila mtu hutafuta kitabu chenye mashabiki wengi. Kura ya kukubali hutafuta kitabu chenye wasomaji wengi.*

Mkono ulioinuliwa hadharani

Namna ya kupiga kura ni muhimu sawa na namna ya kuzihesabu. Afrika Mashariki ina uzoefu wa kutosha wa kura za wazi. Mwaka 1988 Kenya ilitumia mlolongo katika uchaguzi wa mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo: wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, na malalamiko yaliyofuata yaliufanya mtindo huo uachwe. Nchini Rwanda, viongozi wa kijiji wamewahi kuchaguliwa kwa watu kujipanga mstari nyuma ya mgombea.

Klabu inayosema "anayetaka hiki ainue mkono" imejipanga mstari vilevile. Mwalimu mkuu akiinua, walimu wake huinua. Mchungaji akiinua, waumini huinua. Kijana aliyetaka riwaya ya mapenzi hawezi kuinua mkono mbele ya mama mkwe wake. Heshima hiyo ni jambo jema na hakuna haja ya kupigana nayo; inatosha kuipunguzia kazi. Vikombe vitatu vilivyofunikwa, kila kimoja na jina la kitabu, na punje za maharage mkononi mwa kila mwanachama, huondoa tatizo lote. Punje moja inaruhusiwa katika kila kikombe, na kila mtu hupita peke yake. Zaidi ya hapo, mzee au mwalimu aombwe kutoa maoni yake baada ya wote kupiga kura.

Vitabu vinavyofungua majeraha

Fasihi inayojulikana zaidi ya Rwanda nje ya nchi imejaa mwaka 1994 na miaka iliyoutangulia. Mukasonga alipoteza jamaa zake wengi na ameandika juu yao. Mwaka 1998 waandishi kadhaa wa Afrika walialikwa Rwanda ili waandike kuhusu mauaji ya kimbari, na mojawapo ya vitabu vilivyotokana na safari hiyo ni *Murambi, le livre des ossements* cha Boubacar Boris Diop wa Senegali, kilichotoka mwaka 2000. Hivi ni vitabu vikubwa. Klabu ya Nairobi au Brussels huvichukua ili ijifunze. Mudende, palipomwagika damu mwaka 1994 na tena mwaka 1997, anayekaa kwenye kiti cha pembeni huenda anakumbuka.

Klabu isidhani kwamba ukimya ni ridhaa. Kanuni inayofaa ni haki ya kukataa bila maelezo: mwanachama yeyote anaweza kumwambia katibu, faraghani, kwamba kitabu fulani kiondolewe, na katibu hukiondoa bila kutaja nani wala kwa nini. Kumtaka mtu aeleze sababu ni kumtaka asimulie kile alichotaka kukiepuka. Wakati nao unahesabika. Kuanzia tarehe 7 Aprili Rwanda huwa katika Kwibuka, kipindi cha kumbukumbu kinachoanza kwa wiki ya maombolezo na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwezi wa saba. Wapo wanaotaka kusoma ushuhuda katika siku hizo pamoja na wengine, na wapo wasioweza kabisa. Jibu lipatikane kwa kuwauliza wahusika mwezi wa pili au wa tatu, kabla nakala hazijatafutwa.

Kuna pia vitabu kuhusu eneo hili vinavyoutazama wakati huohuo kwa jicho lingine. Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyelima maua Mugongo, kwenye miteremko ya volkano za eneo hilohilo, alifungua hapo kituo cha watoto yatima cha Imbabazi mwezi wa kumi na mbili 1994, akiwa na umri wa miaka 82. Kumbukumbu zake, *Land of a Thousand Hills*, zilitoka mwaka 1999. Msomaji wa Mudende atakuta humo vilima anavyovijua, vikielezwa na mgeni aliyekaa miaka mingi. Nafasi ya kulinganisha maelezo ya mgeni huyo na masimulizi ya wazee wa hapo ni jambo ambalo klabu ya mahali pengine popote haiwezi kulipata.

Kuhusu vitabu vinavyoleta aibu badala ya maumivu, mambo ni mepesi zaidi. *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kilizuiwa shuleni Tanzania kwa sababu ya namna kilivyosema wazi kuhusu wasichana na wanaume, na baadaye kikaja kufundishwa. Klabu yenye wazazi na vijana pamoja inaweza kukisoma, mradi waambiwe mapema kilichomo.

Tuzo kama mshauri

Tuzo husaidia kupunguza orodha, ila inafaa kujua nani aliyeitoa. *Notre-Dame du Nil* kilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012, ambayo hutolewa na waandishi wa habari na wahakiki. *Petit pays* kilipata mwaka 2016 Goncourt ya wanafunzi wa sekondari za Ufaransa, tuzo iliyoanzishwa mwaka 1988. Hapo wanafunzi wapatao 2,000 husoma riwaya zipatazo kumi na tano kwa takriban miezi miwili, hujadili darasani, kisha hutuma wawakilishi. Kwa klabu, tuzo ya pili ni mshauri mzuri zaidi: imetolewa na watu ambao hawalipwi kusoma, waliokuwa na kazi nyingine za kufanya, na waliolazimika kuwashawishi wenzao.

Watoto huchagua kwa mikono

Vikundi vya kusoma vya vijijini Rwanda vimekuwa zaidi vya watoto. Mradi wa Mureke Dusome, ulioanza mwaka 2016 chini ya Save the Children kwa fedha za Marekani, uliimarisha vikundi vingi vya aina hiyo, na wachapishaji kama Bakame, walioanza mwaka 1995, hutoa hadithi za watoto kwa Kinyarwanda. Hapo hakuna kura. Vitabu hutandazwa mkekani, mtoto hushika, hufungua, hutazama picha, hurudisha, hushika kingine. Watu wazima wangefaidika na zoezi hilohilo: nakala zilizopendekezwa zipitishwe mkono kwa mkono kwa dakika kumi, na mmoja asome ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kwa sauti, kabla ya kikombe chochote kuguswa.

Kitabu kikiwashinda

Hata uchaguzi mzuri hukosea. Klabu inahitaji kukubaliana mapema ni lini kitabu kitaachwa, kwa mfano wanachama wengi wakiwa wamesoma theluthi moja na hawataki kuendelea. Mkutano hautafutwa, utajadili kwa nini kitabu kimewashinda, na mjadala huo mara nyingi huwa mkali na wa manufaa. Kisha katibu hufungua daftari. Daftari hilo lina vitabu vyote vilivyowahi kupendekezwa, pamoja na lugha zake, idadi ya nakala zinazojulikana na alama vilizopata kwenye kura. Cha pili katika kura iliyopita huchukuliwa hapohapo, bila kura mpya, na nakala zake zianze kutafutwa siku hiyohiyo.

Waliokuwa wamefika mwisho wa kitabu kilichoachwa hupewa dakika zao za kusimulia kilivyoisha, kwa wale wanaotaka kujua.